MASHARTI YA VYETI KWA MAVAZI YANAYOUZWA NCHI ZA NJE

Wananchi na watumishi wa Serikali wanaoshughulikia biashara wanafahamishwa kuwa vazi lililoshonwa kwa ustadi laweza kuzuiwa bandarini kwa kukosa hati tu. Kwa fundi cherehani wa Songea, mkoani Ruvuma, ambaye mzigo wake husafiri zaidi ya kilomita 900 kufika bandari ya Dar es Salaam, hiyo ni hasara ya kitambaa, nauli na jasho. Fundi wa Unguja au Pemba, ijapokuwa yu karibu na bahari, hukabiliwa na masharti yale yale.

Hati zinazotakiwa ni za namna mbili. Ya kwanza ni uthibitisho wa uasili, unaoonyesha nchi vazi lilikotengenezwa ili lipate nafuu ya ushuru. Umoja wa Ulaya uliziondolea ushuru bidhaa za nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwamo, mwaka 2001. Tangu Januari 2011 vazi lililoshonwa nchini hukubaliwa hata kama kitambaa chake kimetoka ng'ambo. Mzigo ukizidi thamani ya euro 6,000, muuzaji sharti awe amesajiliwa.

Ya pili ni uthibitisho wa ubora na usalama. Hapa wengi hukosea, wakidhani alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), au ya Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS), yatosha kila mahali. Alama hizo ni msingi mwema, lakini kila soko lina sheria zake:

(a) Ulaya hukataza rangi za azo zinazotoa kemikali za kusababisha saratani kupita miligramu 30 kwa kilo. Lebo nayo itaje asilimia ya kila aina ya nyuzi, kwa lugha ya nchi vazi linakouzwa.

(b) Marekani hutaka mavazi ya watoto wenye umri usiozidi miaka 12 yapimwe katika maabara inayotambuliwa nayo. Madini ya risasi katika vifungo na zipu yasizidi sehemu 100 katika milioni.

Ikumbukwe kuwa maabara hupima sampuli. Fundi aliyechanganya vitambaa vya wauzaji watatu, bila stakabadhi, hana njia ya kuthibitisha kwamba mavazi mengine mia ni sawa na lile lililopimwa. Kwa hiyo inashauriwa apate masharti ya mnunuzi kwa maandishi, apime kitambaa na rangi kabla ya kukata, kila oda aipe namba yake, na ahifadhi stakabadhi pamoja na kipande cha kila kitambaa.

Wajasiriamali wadogo wa Songea wanaohitaji alama ya TBS waanzie SIDO, ambako hupewa barua ya utambulisho. Maafisa biashara nao wanakumbushwa kuwaeleza wananchi mambo haya kabla cherehani haijaanza kazi, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.