Klematisi Chunguni Wakati wa Jalidi

Wapenda maua wa Uingereza huuenzi sana mmea mmoja utambaao, uitwao klematisi, ambao maua yake huweza kufikia upana wa sahani ndogo. Jamaa zake wa mwituni wamo hata katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, lakini hao hawahitaji kuvikwa nguo.

Kule Uingereza, mtu akaaye nyumba ya kupanga, au ahamishwaye kikazi mara kwa mara, huupanda chunguni ili ahame nao. Hapo ndipo taabu ianzapo. Aina iitwayo Jackmanii, iliyozalishwa Woking mwaka 1858, ikiwa ardhini hustahimili baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa kuwa ardhi huifunika mizizi mithili ya blanketi. Chunguni, baridi huishambulia mizizi hiyo kutoka pande zote.

Kwa hiyo yafaa chungu kiwe kikubwa, kina na upana wake visipungue sentimeta 45. Kabla jalidi haijaanza, kisogezwe karibu na ukuta, kizungushiwe gunia lililojazwa nyasi kavu, na kiinuliwe juu ya vipande vya matofali ili maji yapate kutoka chini. Jambo hili la maji lisidharauliwe. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu sehemu 9 katika 100, na chungu cha udongo kilicholowa hupasuka. Hata hivyo mmea usiachwe ukauke kabisa; umwagiwe maji kidogo siku isiyo na jalidi.

Wako wenye huruma wauingizao sebuleni, penye moto. Hiyo si huruma. Mmea huu wahitaji usingizi wa baridi, na ukipashwa joto huchipua kabla ya wakati wake. Banda lisilo na moto latosha.

Armandii, itokayo China, haipukutishi majani, nayo huumizwa upesi na upepo mkali. Hiyo itafutiwe pembe iliyokingwa.

Aina zenye maua makubwa hupandwa sentimeta 5 hadi 8 chini zaidi ya zilivyokuwa kitaluni, ili vichipukizi vingine vilale udongoni. Mashina ya juu yakifa kwa baridi, hivyo vya chini huweza kuota. Wengi hutupa mmea ulio hai mwezi Machi, kwa kuona vijiti vikavu tu. Mwenye chungu na asubiri hata mwezi Juni kabla ya kuumwaga udongo wake.