Taiwan Niliyoiona kwa Mwanga wa Fataki

Taiwan ni kisiwa cha kilomita za mraba 36,000 hivi, chenye watu milioni 23 na ushei. Tanzania ingekimeza mara ishirini na tano na bado ikabakiwa na nafasi. Mji mkuu ni Taipei. Mlima mrefu kuliko yote, Yushan, una mita 3,952, ambao Mchagga angeuita kilima. Wajapani waliitawala nchi hiyo kuanzia 1895 hadi 1945. Katika Afrika nzima, ni Eswatini peke yake yenye uhusiano wa kibalozi nayo. Wataiwan wanalima mpunga, chai na mananasi, ila fedha hasa zinatoka kwenye viwanda, vikiongozwa na vile vya chipu za kompyuta. Treni ya mwendo kasi, iliyoanza kazi mwaka 2007, inakushusha kutoka kaskazini hadi kusini kwa muda usiozidi saa mbili na ushei.

Hayo ndiyo yaliyomo daftarini. Kurasa zinazofuata ni tupu, kwa sababu nilifika Yanshui, na Yanshui mtu haandiki: amevaa glavu.

Yanshui ni mji mdogo katika eneo la Tainan, kusini-magharibi. Zamani ulikuwa bandari ya maana, kabla mchanga haujajaza mkondo wake. Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1885 kipindupindu kiliwafyeka, wakamwendea Guan Gong, jemadari wa kale mwenye uso mwekundu wanayemwabudu hekaluni. Sanamu yake ikabebwa kwenye machela mitaa yote, huku fataki zikipigwa kuyafukuza maradhi. Maradhi yakaisha, fataki hazikuisha. Hadi leo, tarehe 14 na 15 za mwezi wa kwanza wa kalenda ya Kichina, mwezi ukiwa mpevu, machela hutoka tena.

Silaha kuu huitwa mizinga ya nyuki. Ni fremu kubwa kupita kimo cha mtu, zilizopangwa fataki za roketi kwa maelfu, safu juu ya safu, midomo ikiwatazama watu. Ndiyo, watu! Mwenye duka au familia ndiyo inayogharimia mzinga wake. Machela yanapowasili, karatasi nyekundu iliyoufunika inabanduliwa na kuchomwa, utambi unawashwa, na umati, badala ya kukimbia, unasogea mbele. Kupigwa na fataki ni baraka ya mwaka mzima.

Mama mmoja muuza soseji alinitazama shingo, akatikisa kichwa, akanizungushia taulo na kulikaza kwa utepe wa gundi hadi kwenye helmeti ya pikipiki. Senti hakutaka. Kisha mzinga ukafunguka. Sauti yake kwanza ni mvumo, halafu ni mvua ya kokoto kwenye helmeti. Wote huwa wanarukaruka papo hapo, kwa kuwa fataki ikigusa mwili unaotikisika hudondoka, ila ikikuta mkunjo wa nguo hujikita na kulipukia humo. Wabeba machela hawana nafasi ya kurukaruka kama sisi. Wanayayumbisha tu machela yao ndani ya moshi, na kila mzinga ukizimika, wanaufuata mwingine.

Kaskazini, kwenye vilima vya Pingxi, wana namna nyingine ya kuusherehekea mwezi huohuo: taa kubwa za karatasi zilizoandikwa maombi hupaa kwa joto la moto wake. Reli ndogo inayofika huko ilijengwa kwa ajili ya makaa ya mawe. Ni pazuri, na picha zake ndizo zinazojaza kalenda. Mimi nilisimama pale dakika chache nikaikumbuka Yanshui.

Sasa niseme la nyumbani. Makunduchi, Zanzibar, tunao Mwaka Kogwa: wanaume wanachapana kwa migomba, kibanda cha makuti kinateketezwa, ugomvi wa mwaka unaisha. Ni ndugu wa Yanshui kabisa. Lakini Yanshui niliona zimamoto wakiwa wamepanga magari yao kabla ya utambi wa kwanza, mahema ya huduma ya kwanza yenye wauguzi, na asubuhi wafagiaji wakizoa vijiti na karatasi. Sisi jambo likiwa na hatari tunalipiga marufuku kwa tamko, au tunaliachia Mungu bila hata ndoo ya maji. Likiharibika tunaunda tume. Wenzetu wameikubali hatari, wakaipangia watu na vifaa. Halmashauri zetu zinaweza kuanza na mahema mawili na gari moja la wagonjwa kwenye kila mkusanyiko mkubwa, na hilo halihitaji mfadhili.

Ukijaaliwa kwenda, vaa jinzi na koti zito la pamba. Nailoni huyeyuka na kugandia ngozi. Ziba masikio, funika shingo, na helmeti iwe ya kufunika uso mzima. Miwani peke yake haitoshi.