Mizani ya Mazutu

Katika gereji za Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambao Kiswahili kimekuwa lugha yake tangu mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura, mashitaka ya mwenye gari dhidi ya dereva wake ni jambo la kila siku: kwamba mazutu yaliyotiwa tangini na kilomita zilizokwenda havilingani. Aghalabu kesi hiyo hukatwa bila ushahidi, mwenye gari akishika risiti ya kituo cha mafuta, dereva akila yamini, na fundi, ambaye wote wawili humtazama kama kadhi, akisema tu kwamba injini imechoka. Katika miaka hii ambayo mafuta yamekuwa adimu mjini, na foleni mbele ya vituo zikawa ndefu, lita moja isiyojulikana ilikokwenda si jambo la kupuuzwa. Walakini kabla ya kumtuhumu mtu yafaa kujua namna ya kupima, maana injini ya dizeli ina tabia moja inayompumbaza kila mpimaji asiyeifahamu.

Upimaji wenyewe una umri sawa na injini. Tarehe 17 Februari 1897, huko Augsburg, Ujerumani, Profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima injini ya Rudolf Diesel, na lililotafutwa halikuwa mbio zake bali ulaji wake: ikaonekana kwamba kila nguvu moja ya farasi kwa saa moja iligharimu gramu 238 hivi za mafuta ya taa, yaani zaidi kidogo ya robo ya joto lililomo katika mafuta iligeuka kuwa kazi, wakati ambapo injini nyingi za mvuke za zama hizo hazikufika hata nusu ya kiasi hicho. Msomaji aangalie kwamba hesabu ile ilitolewa kwa gramu, si kwa lita.

Madereva wetu hupima kwa lita, na njia yao kongwe ni kujaza tangi hadi pomoni, kuandika namba ya kilomita, kusafiri, kisha kujaza tena na kugawanya. Njia hiyo ni ya haki ikiwa safari ni ndefu. Mazutu hutoa povu yanapomiminwa, na pampu hujikata povu linapopanda kabla ya tangi kujaa kweli. Gari likisimama upande penye mteremko, hewa hunaswa pembeni. Basi kosa la lita 2 katika lita 10 ni khumsi nzima, na kosa hilohilo katika lita 100 halina uzito. Matairi yaliyobadilishwa kwa makubwa zaidi nayo huzipunja kilomita. Lakini taksiri kubwa kwa Bujumbura ya leo ni nyingine: atajaza nani hadi pomoni, ilhali siku nyingine kituo humgawia kila mtu kwa kiasi, au hakina kitu kabisa?

Hapo ndipo wengine hutamani kufunga mita katika mpira unaotoka tangini, wasome kinachopita, na hapo ndipo tabia niliyoitaja inapowanasa. Pampu ya injini ya dizeli haivuti mafuta ya kuchomwa peke yake, bali huvuta mengi zaidi, ili yanayosalia yailainishe na kuipoza, pamoja na nozeli, kisha yarudi tangini kwa mpira wa pili. Mita moja basi huhesabu mafuta yaleyale kila yanapozunguka, na gari lisilo na hatia huonekana lafi kupindukia. Dawa yake ni mita mbili, moja ya yanayokwenda na moja ya yanayorudi, kisha kutoa. Nayo si dawa kamili, kwa sababu yanayorudi ni ya moto, na mazutu yakizidi joto kwa digrii 30 huvimba kwa asilimia 2.5 hivi. Tuseme kwa saa moja lita 60 zimekwenda na 50 zimerudi, injini ikala 10. Zile 50, kwa kuvimba, mita itazisoma 51.25, nasi tutaambiwa kwamba injini imekula 8.75. Thumuni ya ulaji imefutika, na hakuna aliyeiba wala kudanganya.

Kompyuta ya magari mapya, inayoonyesha ulaji kwenye dashibodi kwa namba zenye nukta, haikupima kitu katika mipira hiyo. Hukadiria kutokana na muda ambao nozeli hufunguliwa na shinikizo lililopo. Nozeli zikichakaa hupitisha zaidi ya zinavyoamriwa, na namba ya kiooni hukaa palepale.

Kwa hiyo mimi naiona mizani kuwa hakimu bora, nayo haihitaji tangi kujaa. Fundi huchukua kidumu safi cha lita 20, akakifunga imara mbali na sehemu za moto, akaingiza ndani yake mipira yote miwili, wa kuvuta na wa kurudisha. Akatoa hewa kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta, akakipima kidumu, gari likaenda kilomita zinazojulikana, kisha akakipima tena. Uzito haujali joto wala povu. Kilo 10 zilizopungua ni lita 12 hivi.

Limebaki swali la barabara. Bujumbura iko karibu na mita 775 juu ya bahari, na Bugarama, yapata kilomita 35 kwa barabara ya kitaifa nambari 1, iko karibu na mita 2,200. Gari la tani 3 likipanda huko hutumia takriban lita 4 kwa kuinua uzito wake tu, mbali na msuguano na upepo. Na kwa kuwa hewa ya juu imepungua kwa karibu sudusi, injini isiyo na turbo hupungukiwa pumzi na kutoa moshi mweusi. Katika kushuka, gari likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa umeondolewa, nozeli hazipewi hata tone. Ndiyo maana dereva wa kwenda na wa kurudi huapa viapo viwili tofauti, na vyote ni vya kweli. Kipimo cha insafu ni cha duara zima, au cha tambarare ya Imbo kuelekea Cibitoke.

Hata hesabu ya duara ina mtego. Gari likipanda kwa lita 25 kwa kila kilomita 100, na kushuka kwa lita 5, wastani ni 15. Anayehesabu kilomita kwa lita atapata 4 kupanda na 20 kushuka, atajumlisha na kugawa kwa mbili, ajisifu kwa 12, ilhali jibu sahihi halifiki hata 7.

Wako pia wale vijana wa baiskeli, walioteremsha ndizi na makaa mjini, ambao hurudi mlimani wakiwa wameng'ang'ania nyuma ya malori. Wenye malori huwalaumu kwa kula mafuta yao. Wanne pamoja na baiskeli zao, tuseme kilo 340, hadi Bugarama hugharimu chini ya nusu lita; dereva aliyepungukiwa lita 20 itambidi atafute kisingizio kingine.