Baiskeli Mpya, Miguu Ileile: Kwa Nini Timu Kubwa Hubadilisha Wadhamini

Mwezi wa Januari ukiingia, anayefuatilia mashindano ya baiskeli ya kulipwa hukuta timu alizozizoea zimevaa nguo nyengine na kupanda baiskeli ngeni. Mwaka huu wa 2026 ni zamu ya Bahrain Victorious, timu inayobeba jina la nchi ambayo watu wetu wa Pwani wanaijua kwa kazi na kwa udugu. Tangu ilipoanzishwa mwaka 2017, timu hiyo ilikuwa ikipanda Merida, baiskeli za kampuni ya Taiwan. Sasa inapanda Bianchi za Italia, kampuni iliyoanzishwa Milan mwaka 1885 na inayojulikana kwa rangi yake ya samawati iliyochanganyika na kijani.

Mtu atauliza: Merida zilikuwa na kasoro gani? Jawabu ni kwamba timu haihitaji kuona kasoro ndiyo ihame. Kuhama huku ni biashara kwanza, ufundi baadaye. Na ukiielewa biashara yenyewe, utaona kuwa ina somo kwa vilabu vyetu vya mitaani, hata vile ambavyo havijawahi kugusa baiskeli.

Tuanze na pesa. Klabu kubwa ya mpira Ulaya ina milango mitatu ya mapato mbali na wadhamini: tiketi za uwanjani, haki za televisheni na kuuza wachezaji. Timu ya baiskeli haina hata mlango mmoja wa kutegemea katika hiyo. Mbio hupita barabarani. Mtu hutoka nyumbani kwake, akasimama kando ya njia na kutazama bure. Pesa za televisheni huenda kwa waandaaji, kama vile ASO, kampuni ya Ufaransa inayomiliki Tour de France. Na mwendeshaji mkataba wake ukiisha, mara nyingi huondoka bila ya timu aliyoiacha kulipwa kitu. Kilichobaki ni mdhamini. Ndiyo maana timu hizi hazina majina ya miji kama Barcelona. Jina la timu ni jina la anayelipa, na anayelipa akiondoka, jina huondoka naye.

Mdhamini wa baiskeli ni wa namna yake. Timu ya daraja la juu ina waendeshaji karibu 30, na kila mmoja anahitaji baiskeli kadhaa: ya mbio za kawaida, ya akiba juu ya gari la timu, ya mbio za kushindana na saa, na ya mazoezi nyumbani. Baiskeli za aina hii huuzwa dukani kwa zaidi ya dola 10,000 moja, yaani zaidi ya shilingi milioni moja za Kenya. Kampuni huzitoa zote, pamoja na vipuri, na mara nyingi huongeza fedha taslimu juu yake.

Kampuni yapata nini? Hapa ndipo penye sheria ambayo wengi hawaijui. Shirikisho la dunia la baiskeli, UCI, linataka vifaa vya mashindano viwe vya aina inayouzwa kwa umma. Kampuni haiwezi kuunda chombo cha siri cha bingwa mmoja na kukificha milele. Vilevile baiskeli ya mbio za barabarani haitakiwi kupungua uzito wa kilo 6.8, ambao ni kama thuluthi ya mtungi wa maji wa lita 20. Kwa hivyo baiskeli unayoiona ikipanda milima ya Alps ndiyo ile unayoweza kuinunua dukani, ukiwa nazo. Mbio zote ni dirisha la duka.

Sasa tuone vile timu zinavyobadilishana. Mfano mzuri ni msimu wa 2021. Timu ya Uholanzi ya Jumbo-Visma iliacha Bianchi ikachukua Cervélo. Timu iliyokuwa ikitumia Cervélo, Sunweb, ambayo mwaka huohuo ikaitwa DSM, ikachukua Scott. Timu iliyokuwa ikitumia Scott, ile ya Waaustralia iliyokuwa ikiitwa Mitchelton-Scott, ikachukua Bianchi. Timu tatu na kampuni tatu zilizunguka duara moja, kila mmoja akakaa kiti cha mwenziwe. Lau tatizo lingekuwa ubora wa baiskeli, basi isingeingia akilini timu moja ikimbilie kile ambacho nyengine inakitupa.

Sababu hasa ni nyengine. Ya kwanza ni mkataba: huwa wa miaka michache, na ukiisha kila upande hutazama soko. Ya pili ni mwenye mali. Cervélo ilizaliwa Kanada, lakini inamilikiwa na Pon, kampuni ya Uholanzi. Kwenda kwake kwa timu kubwa ya Waholanzi hakuhitaji mtabiri. Msimu huu pia timu ya Q36.5 imeacha Scott na kuitwa Pinarello-Q36.5. Ukichunguza utakuta Ivan Glasenberg, tajiri mzaliwa wa Afrika Kusini, ana mkono katika Pinarello na katika timu yenyewe.

Ghuba nayo imefika huko. Mwaka 2020 Chimera Investments ya Abu Dhabi ilinunua sehemu kubwa ya Colnago, kampuni ya Kiitaliano iliyoanzishwa na Ernesto Colnago mwaka 1954. Timu ya UAE ilikuwa tayari inapanda Colnago. Miezi michache baadaye Tadej Pogačar, kijana wa Slovenia, akashinda Tour de France juu yake. Akashinda tena 2021, 2024 na 2025. Hapo pesa za timu na pesa za kiwanda zote zina mizizi Abu Dhabi, na ndoa ya namna hiyo haivunjiki kwa urahisi.

Sababu ya tatu ni hali ya soko. Wakati wa korona watu wengi Ulaya na Marekani walikimbilia baiskeli, viwanda vikaagiza mali nyingi, kisha wanunuzi wakapungua na maghala yakabaki yamejaa. Kampuni ikiwa na mali isiyotoka, huanza kuhesabu upya pesa inayowapa mabingwa.

Sababu ya nne ni sifa, na hii msomaji wetu ataielewa bila maelezo marefu. Katika Vuelta ya Uhispania ya 2025, watu waliounga mkono Palestina walijaa barabarani kupinga kushiriki kwa timu ya Israel-Premier Tech. Siku ya mwisho, tarehe 14 Septemba, mbio zilikatizwa Madrid kabla ya kufika tamati. Baada ya hapo Premier Tech, kampuni ya Kanada, ikajitoa, na Factor, waliokuwa wakiipa timu baiskeli, wakaachana nayo. Timu ikabadilishwa jina na kuitwa NSN, ikachukua leseni ya Uswisi na makao Uhispania, na msimu huu inapanda Scott, zilezile zilizoachwa na Q36.5. Mdhamini hununua jina zuri. Jina likiwa mzigo, baiskeli nzuri haisaidii.

Katika timu hiyo ya NSN yuko jirani yetu wa Afrika Mashariki, Biniam Girmay wa Eritrea, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda jezi ya kijani ya Tour de France, mwaka 2024. Wakati ule alikuwa akipanda Cube na timu ya Intermarché-Wanty. Timu hiyo imeungana na Lotto, yeye akahama, na sasa ana baiskeli nyengine chini yake.

Je, kwa mwendeshaji kubadilisha baiskeli ni jambo dogo? Muulize Chris Froome. Alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akajifunza mbio kwa David Kinjah huko Kikuyu, na akashinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, zote akiwa juu ya Pinarello na timu ya Sky. Mwaka 2021 alihamia timu ya Israel na baiskeli za Factor. Mwezi uleule wa Januari alisema hadharani kuwa breki za diski hazijamridhisha, kwamba zinakwaruza na kupata joto katika miteremko mirefu. Mwaka 2023 akaeleza kwamba vipimo vya mkao wake vilikuwa vimetofautiana kwa sentimita kadhaa na vile alivyovizoea alipokuwa akishinda. Kwa mtu anayekwenda sokoni, sentimita mbili si kitu. Kwa anayekaa juu ya kiti saa tano kila siku kwa wiki tatu, ni maumivu ya mgongo na nguvu zinazopotea.

Lakini tuseme kweli yote. Froome alikuwa ameanguka vibaya Juni 2019 na kuvunjika fupa la paja, na umri ulikuwa umeshapita miaka 35. Baiskeli pekee haikumshusha. Wala baiskeli pekee haimpandishi mtu. Jonas Vingegaard alishinda Tour ya 2022 na 2023 juu ya Cervélo, na mwenye duka akatangaza. Asichotangaza ni timu iliyomzunguka, milima aliyopanda kwa miaka, na chakula kilichopimwa kwa gramu. Kwa hivyo kijana wa Mombasa au Malindi anayetaka kukopa ili anunue fremu yenye jina la bingwa, ajue kwamba analipia pia ile jezi ya Ufaransa. Miguu haiuzwi pamoja na fremu.

Nimesema kuna somo kwetu. Timu hizi za Ulaya zinaishi kwa mkono wa mtu mwengine, kama vilabu vyetu tu. Tofauti ni kwamba wao wanajua tarehe. Mkataba unaandikwa, una mwanzo na mwisho, na kabla haujaisha meneja ameshaanza kubisha hodi kwengine. Hata hivyo huanguka: Arkéa ya Ufaransa ilikosa mdhamini ikafungwa mwisho wa 2025, na ndiyo iliyokuwa ikipanda Bianchi kabla hazijakwenda Bahrain.

Huku kwetu mfadhili huja na jezi zenye picha yake na mipira miwili, watu wakapiga makofi, na hakuna karatasi iliyotiwa saini. Uchaguzi ukipita, simu haishikwi. Vijana wanabaki na jezi zilizopauka na ahadi ya nauli ambayo hakuna wa kuidai. Wahenga walishasema, nguo ya kuazima haisitiri matako. Na uchaguzi wa 2027 hauko mbali. Jezi zitaanza kugawanywa tena.

Sisemi zikataliwe. Zipokewe, lakini pamoja na karatasi: mfadhili anatoa nini, kwa muda gani, na klabu itafanya nini kwake. Waislamu tumefunzwa kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Ahadi kwa vijana 30 ina uzito gani mdogo kuliko deni la duka? Pili, mfadhili asiwe mmoja. Mwenye duka la vifaa, mwenye hoteli na mwenye matatu, kila mmoja akitoa kidogo, mmoja akiondoka timu haifi. Tatu, klabu iwe na mchango wake wa kila mwezi, hata shilingi 50 kwa mchezaji, ulioandikwa katika daftari ambalo kila mwanachama anaweza kulifungua.

Bahrain Victorious imepoteza mdhamini wa miaka tisa na Januari ilikuwa barabarani na baiskeli mpya, kwa sababu mtu fulani alikaa akasoma tarehe za mkataba mapema. Kabla hujapokea jezi za mwaka ujao, mwenyekiti wa klabu, waulize wenzako swali moja: huyu akiondoka, Jumamosi inayofuata tutacheza kwa nini?