Vitabu vya Mwisho Vilivyowaliza na Kuwaudhi Wasomaji

Trilojia za kidistopia, zile riwaya tatu tatu za kesho iliyoharibika, zina ada yake: viwili vya kwanza hupendwa, cha tatu huzua ugomvi. Hawa hapa vinara wa ugomvi huo. Kama hujavisoma, jihadhari: miisho imetajwa waziwazi.

Kilichouzwa kwa kasi zaidi. *Allegiant* cha Veronica Roth, kilichotoka Oktoba 22, 2013, kiliuza takriban nakala 455,000 siku ya kwanza, zikiwemo za kielektroniki na za kusikiliza. *Mockingjay* cha Suzanne Collins, cha Agosti 2010, kilipita nakala 450,000 kwa wiki nzima, na wachapishaji wake, Scholastic, wakachapa nyingine 400,000. Ila mnunuzi wa siku ya kwanza hajui mwisho. Analipia imani aliyojengewa na vitabu viwili vilivyotangulia.

Kifo kilichoamsha hasira kubwa zaidi. Tangu 2011, Tris ndiye aliyekuwa akisimulia hadithi ya Roth. Katika *Allegiant* anauawa zikiwa zimebaki sura chache. Dalili ilikuwepo: kwa mara ya kwanza mpenzi wake, Tobias, naye alipewa sura zake. Hadithi ina haja gani ya msimulizi wa pili kama wa kwanza atafika salama? Wasomaji walimiminia kitabu nyota moja moja. Roth, aliyekuwa na miaka 25, aliandika maelezo hadharani siku chache baadaye: mwisho huo aliukusudia tangu awali, kwani safari nzima ya Tris ilikuwa kujifunza kujitoa kwa ajili ya wengine. Maelezo hayakuwatuliza wote.

Kifo kilichoonekana cha bure zaidi. Katniss, mhusika mkuu wa Collins, aliingia kwenye ulingo wa mapambano ya kufa na kupona kumwokoa mdogo wake, Prim. Katika *Mockingjay*, Prim anauawa kwa bomu. Waliokasirika waliuliza, basi kitabu cha kwanza kilikuwa cha nini? Waliokitetea walijibu kwamba vita havilipi fadhila. Collins, ambaye baba yake alipigana Vietnam, hakuandika mshindi asiye na majeraha.

Anguko kubwa zaidi sinemani. Filamu ya kwanza ya Roth, *Divergent* (2014), iliingiza karibu dola milioni 290 duniani. *Allegiant* (2016), iliyochukua sehemu tu ya kitabu cha tatu, haikufika milioni 180. Ile ya kumalizia haikutengenezwa kabisa, kwa hiyo mwisho uliozua zogo lote hilo haukuwahi kuonekana kwenye skrini.

Subira ndefu zaidi. Margaret Atwood alikimaliza *Oryx and Crake* (2003) mhusika wake akiwanyemelea watu watatu asiowajua. *The Year of the Flood* (2009) kikapita njia nyingine na kuishia palepale. Aliyetaka kujua kilichofuata alingoja *MaddAddam*, mwaka 2013: miaka kumi kwa jibu moja.

Lalamiko la ajabu zaidi. Mwaka 2011, trilojia ya Collins ilikuwa ya tatu katika orodha ya vitabu vilivyopingwa zaidi iliyotolewa na Chama cha Maktaba cha Marekani. Ukatili ulitajwa, jambo linaloeleweka. Lakini ushirikina na ushetani navyo vilitajwa, katika hadithi isiyo na mganga wala jini.

Itikio lililofika mbali zaidi. Baada ya mapinduzi ya Mei 2014, waandamanaji wa Thailand waliazima ile saluti ya vidole vitatu ya hadithi ya Collins, na jeshi likawakamata. Novemba, filamu ya kwanza ya *Mockingjay* ilipoanza kuonyeshwa, wanafunzi walimnyooshea vidole hivyo waziri mkuu Prayuth Chan-ocha huko Khon Kaen, na kumbi kadhaa za Bangkok zikafuta maonyesho. Mwaka 2021 saluti hiyo ikaibuka Myanmar. Walioinyoosha hawakuwa wakibishana kama Prim alistahili kufa. Walikuwa na jeshi lao mbele yao, na katika trilojia nzima walichohitaji kilikuwa vidole vitatu tu.