Kishikwambi Kinachoijua Lugha Yako

Tangu kampuni ya Apple ilipotoa iPad ya kwanza mwaka 2010, masoko yamejaa vishikwambi vya kila namna. Mwalimu anayetaka kununua kimoja huzongwa na nasaha zinazogongana: huyu husifu iPad, yule husifu vya mfumo wa Android kwa unafuu wa bei, na wa tatu husifu Kindle. Kwa maoni yangu, kinachopasa kutangulia ni kazi, si jina la kampuni.

Msomaji wa riwaya tu ana jawabu jepesi. Kindle ya kawaida hutumia wino wa kielektroniki, hivyo husomeka hata juani, na betri yake hudumu majuma kadhaa. Hata hivyo, haifai kwa kuonyeshea darasa filamu.

iPad hupokea masasisho kwa miaka mingi, lakini haina tundu la kadi ya kumbukumbu. Vishikwambi vingi vya Android vinalo, ila vile vya bei ya chini kabisa aghalabu huachwa mapema bila masasisho, na hatimaye programu mpya huvikataa. Kwa mwalimu anayekatwa mkopo mshaharani, kifaa kinachokufa kabla ya deni kwisha ni hasara maradufu.

Lipo pia jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Lugha ya Gĩkũyũ ina irabu 7, na tahajia yake haikamiliki bila ĩ na ũ, Kikamba vilevile. Mtoto akikosa herufi hizo, maneno yenye maana tofauti huweza kuandikwa sawasawa. Kiswahili nacho huonewa: kibodi yenye kamusi ya Kiingereza pekee hupiga mstari mwekundu chini ya maneno yetu sahihi, mwanafunzi akadhani amekosea.

Basi kabla ya kulipa, omba ukishike kifaa chenyewe. Andika sentensi ya Kiswahili, kisha herufi za lugha ya mama. Ikishindikana, uliza kama kibodi nyingine yaweza kuwekwa. Jibu likiwa la, enda duka jingine. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lugha isiyoandikika katika vifaa vya shule, wanafunzi wataiona haistahili kuandikwa popote.