Selimundu: Ugonjwa Umetoka kwa Wazazi Wawili

Mtoto mwenye selimundu huzaliwa kama watoto wengine. Ananyonya, ananenepa, na wanaokuja kumtazama hawaoni dosari yoyote. Miezi ya mwanzo analindwa na hemoglobini ile aliyokuwa nayo tumboni. Karibu na nusu mwaka, hemoglobini hiyo inapopungua na yake mwenyewe kushika nafasi, chembe zake nyekundu huanza kujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Siku moja mama anamwogesha na kuona migongo ya mikono imevimba, vidole vimekuwa vinene, na kila akivigusa mtoto anapiga yowe. Nyumbani watasema ameanguka, au ameumwa na mdudu. Kwa sisi tunaotibu watoto, mikono hiyo ni sababu tosha ya kupima damu siku hiyo hiyo.

Huku kwetu pwani ya Kenya si ugonjwa wa nadra. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na Wellcome Trust, ambao wamekuwa Kilifi tangu 1989, waliwapima watoto wachanga zaidi ya 15,000 wa eneo hilo na kukuta kama 8 katika kila 1,000 wanao. Chanzo cha wingi huo ni malaria. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hapati ugonjwa huo, na tena hukingwa na malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo imejaa pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni adimu kule bara kwenye baridi. Anayeugua ni yule aliyeirithi kwa baba na kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, wazima wa afya na bila kujijua, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa.

Hesabu hiyo nataka isomwe na wanaume, na mama mkwe pia. Watafiti Vicki Marsh, Dorcas Kamuya na Sassy Molyneux walizungumza na familia za mashambani Kilifi wakachapisha waliyoyasikia mwaka 2011: mama ndiye anayelaumiwa. Inasemwa uzazi wake una kasoro, na ndoa nyingine huvunjika hapo. Mtoto akikonda, Wagiriama wengine watataja chirwa, yaani wazazi wamevunja mwiko, na atakayeulizwa kwanza ni mwanamke. Hakuna mwiko uliovunjwa. Damu ya baba imechangia nusu kamili ya ugonjwa huu, na sioni kwa nini mikono yake isichangie nusu ya kazi.

Na kazi ipo. Penisilini ni asubuhi na jioni, kila siku, mpaka mtoto atimize angalau miaka mitano. Sababu ni kwamba selimundu huua bandama mapema, na bandama ndiyo inayosafisha vijidudu kwenye damu. Utafiti wa Kilifi wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa bakteria aina ya nyumokoka ndiye aliyeongoza kuingia katika damu ya watoto hawa. Chanjo yake ilianza kutolewa Kenya mwaka 2011, lakini chanjo haiondoi haja ya penisilini. Ongeza asidi ya foliki, dawa ya kuzuia malaria, chandarua kisichotoboka, maji ya kunywa kila saa, na sweta kusi linapovuma na mvua za masika kunyesha, kwa maana baridi huamsha maumivu. Ikipanda homa, mtoto hasubiri kuche. Hapelekwi dukani kununuliwa dawa, anapelekwa hospitali.

Kuna jambo moja ningependa kila mtu mzima wa nyumba yenye mtoto huyu alijue kwa vidole vyake. Mlaze mtoto chali akiwa ametulia, magoti ameyakunja. Weka vidole chini upande wa kushoto wa tumbo, upandishe taratibu kuelekea mbavu huku anapumua. Ukikutana na ukingo mgumu chini ya mbavu, hiyo ni bandama. Pima kwa upana wa vidole: kimoja, viwili. Wengine hutumia kijiti kilichotiwa alama. Fanya hivyo siku ambazo mtoto ni mzima, ili ujue kipimo chake cha kawaida. Siku ambayo ukingo umeshuka ghafla, na viganja na ulimi vimepauka, na mtoto amelegea, damu imenasa ndani ya bandama na anaweza kufa katika muda wa saa chache. Anahitaji kuongezewa damu. Kule Jamaica, daktari Graham Serjeant na wenzake walipowafundisha wazazi kupapasa hivyo, vifo vya namna hii vilishuka sana. Somo lenyewe halina gharama, ni dakika kumi tu za muuguzi na mzazi. Naumia kila ninapoona mzazi ametoka kliniki na chupa za dawa bila somo hili.

Dawa ya haidroksiyurea imebadilisha mengi. Watoto 606 wa umri wa mwaka 1 hadi 10 waliipata katika vituo vinne, Luanda, Kinshasa, Mbale na Kilifi, na matokeo yakatolewa mwaka 2019: maumivu yalipungua, na vivyo hivyo malaria, maambukizi, kuongezewa damu na vifo. Inahitaji damu ipimwe mara kwa mara. Kwa anayeishi sehemu za mbali kama Ganze au Bamba, hiyo ni siku nzima ya kibarua iliyopotea, nauli ya kwenda mjini Kilifi, na watoto wengine kuachwa kwa jirani. Hapo ndipo mashangazi na wajomba wanaposaidia kweli: mmoja ashike nauli ya dharura isiyoguswa kwa lolote lingine, mmoja awe ameshaelewana na mtu wa bodaboda atakayeitika usiku wa manane, na wenye afya wakachangie damu kabla haijahitajika.

Kaka na dada nao wapimwe, kisha waambiwe ukweli. Dada wa miaka minane anayejua chupa ya dawa inakaa rafu gani anastahili kujua kwa nini mdogo wake hubebwa badala ya kutembezwa, na kwamba yeye hajasahauliwa.

Halafu inakuja shule ya chekechea, na madrasa. Figo za mtoto huyu hazishiki maji vizuri, kwa hiyo hunywa sana, hukojoa sana, na usiku hulowesha kitanda hata akiwa na miaka saba. Wapo wanaochapwa kwa hilo. Mwalimu aelezwe kabla ya siku ya kwanza: mtoto awe na chupa yake ya maji, aruhusiwe kutoka kila anapoomba, asikimbizwe juani kama adhabu, na akisema mfupa unauma aaminiwe. Aachiwe nambari mbili za simu, ya mama na ya baba.